Simenti Si Posa

Jumanne, tarehe 2 Juni
Kaneza wangu yuko kwenye kamati ya kujenga upya mtaa wa ziwani! Nimeandika hilo kwanza, salamu baadaye, mawese bado yako motoni. Mtaa wote ule ambao ziwa lilipanda likaumeza, komini, serikali yetu ya hapa, imemchagua yeye apime nani ajenge wapi. Binti yangu. Injinia. Ameshajenga maghorofa ya watu Bujumbura, sasa amerudi kujenga kwao. Mimi wa darasa la saba la kambi ya wakimbizi, Tanzania, ndiye niliyezaa kichwa kile. Nimemwambia jirani yangu Daforoza mara tatu. Mara ya tatu aliingia ndani.

Jumatano, tarehe 3 Juni
Kaneza amekwenda Nyanza-Lac kusimamia barabara, mpaka Jumapili. Jioni wamekuja wageni. Bwana mmoja, Asteri, mwenye nyumba za kupangisha, suti safi. Wazee wawili. Kreti tatu, bia na Fanta. Mzee mmoja akasema, "Mama, leo tumekuja kubisha hodi tu. Neno lenyewe lina siku yake."
Moyo ukaruka. Kuposa huanza hivyohivyo, nani asiyejua? Kaneza ana miaka thelathini na minne, watu wamenichosha kwa kuuliza. Nikapokea. Nikaita majirani tukanywa.
Lakini mbona mtoto hakuniambia? Ananificha.

Alhamisi, tarehe 4 Juni
Nimempigia. Nikazunguka: kuna mtu unataka kunionyesha? Akacheka, akasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya.
Na huyu Asteri. Nakaanga ndagala, dagaa wetu hawa wa ziwani, namfikiria. Hakuuliza Kaneza anasali wapi. Hakuuliza ukoo. Aliuliza kamati inakaa siku gani, na ramani inawekwa wapi. Labda anatafuta kiwanja cha kumjengea mke. Sijui. Sipendi.

Ijumaa, tarehe 5 Juni
Lori limeshusha simenti uani. Mifuko thelathini. "Ya ukuta wa mama," dereva kasema, akaondoka kabla sijafunga kitenge vizuri.
Nimeolewa, nimeozesha wadogo zangu. Nimeona ng'ombe, nimeona majembe, nimeona pombe ya ndizi. Tangu lini mtu anaposa kwa simenti? Daforoza ananicheka: "Mkwe wa kisasa huyo, mama Kaneza. Sema murakoze, asante, unyamaze." Nimefunika mifuko kwa turubai. Kama ni kitu kizuri, mbona nakifunika?

Jumapili, tarehe 7 Juni
Kaneza amefika. Ameona turubai kabla ya kunisalimia. Akaifunua, akaketi juu ya mifuko, akashika kichwa.
Bwana yule hatafuti mke. Anaye, Bujumbura. Anatafuta ile sehemu ya juu, pasipofika maji, ambapo kamati inataka kuwapa wavuvi viwanja. Yeye anataka hoteli. Kaneza amemkataa mara mbili. Sasa amepitia kwangu.
"Mama, komini wakijua tumepokea, natolewa kwenye kamati. Akiingia mtu wa Asteri mahali pangu, wale wavuvi hawana tena pa kujenga."
Aibu mpaka masikioni. Halafu hasira. Kwa nini hakunionya? Anasema mambo ya ofisi hayasemwi nyumbani. Nikamwambia: mimi ndiye niliyekuzaa, si ofisi. Hatukula.

Jumatatu, tarehe 8 Juni
Kaneza alitaka vitu virudi gizani, kimyakimya. Nimekataa. Kilichopokelewa mbele ya watu kinarudi mbele ya watu. Bia tulishazinywa, nimenunua nyingine kreti zikajaa.
Kurudisha vinywaji ni kukataa posa, na mimi nilishamtangaza mkwe mpaka Kizuka. Basi. Kreti kwenye baiskeli, simenti kwenye lori la kukodi, mimi mbele kwa miguu, katikati ya soko. Daforoza akapaza sauti: "Weee mama Kaneza! Umemfukuza mkwe? Mtoto atazeekea kwako!"
"Azeeke! Nitampikia!"
Soko lote likacheka. Nilitaka kulia. Asteri hakufungua geti. Tumeshusha nje, wapita njia wakitazama. Kaneza alikuwa komini, anawaeleza mwenyewe.

Jumatano, tarehe 10 Juni
Komini bado hawajaamua kama Kaneza abaki. Bombani watu wananitazama. Wanafikiri iko mifuko nimebakiza. Mama mmoja wa ziwani ameniuliza kama ukuta wangu umekwisha. Sina ukuta. Nina michongoma.
Kaneza ameitwa tena komini. Amerudi. Namtazama anavyochezea chakula. Simwamini hata mtu mmoja wa kamati ile. Nani alimwonyesha Asteri njia ya kwangu?

Alhamisi, tarehe 11 Juni
Wamemwacha kwenye kazi yake. Yeye mwenyewe ameomba ramani itoke ofisini, ibandikwe nje, kila familia ionyeshwe kiwanja chake, na mwenye neno aliseme hapohapo. Wamekubali. Asteri naye ameambiwa. Aje tu.
Leo sijamtangazia mtu. Daforoza amekuja mwenyewe kuuliza, nikampa chai.
Kaneza amelala mkekani, mchana, viatu bado miguuni. Nimemvua. Hakuamka.
Kuonyeshwa viwanja ni Jumamosi, tarehe 13, baada ya kazi za jumuiya, pale juu pasipofika maji. Wanatarajiwa wote.