Siku Mama Alipofukuzwa Aende Sokoni

Kemunto, mjukuu wangu,

Huku Manga ndizi zimeiva, na nyanya yako ananitukana vizuri ingawa miguu yake imegoma. Umeuliza kama nitawakubali akina mama wa kanisa wamwangalie kila Alhamisi, nipumzike.

Nimemkumbuka mama yangu. Alimuuguza nyanya yangu bila kutoka nyumbani, mpaka shangazi akaja, akampokonya kijiko cha uji na kumfukuza aende sokoni Mosocho. Mama aliondoka amenuna, akarudi akiimba. Sikuwa najua kwamba mama yangu huimba.

Nyanya yangu naye aliniambia polepole, "Afadhali alienda. Hata mimi nilikuwa nimemchoka."

Nimemsomea nyanya yako maneno haya. Anasema Alhamisi ni mbali.

Babu yako, mkorofi yule yule.