Nguo Unayoisahau Mwilini

Singel 22,
Sneek, Friesland.
9 Juni 2023

Mpendwa Mama Mdogo Sjoukje,

Nakusalimu kwa mapenzi tele kutoka huku nyumbani. Goti linasemaje? Najua huko New Zealand baridi ndiyo inabisha hodi wakati sisi tunaanza kuvua masweta, na wewe kwa ukaidi wako huwashi moto mpaka vidole vife ganzi. Washa, tafadhali. Kuni si dhahabu.

Sisi hatujambo. Mume wangu Wiebe ana afya njema, na kila asubuhi yuko bustanini anapigana na konokono. Mpaka leo konokono wanaongoza.

Nakuandikia kwa sababu nina shukrani, na shukrani za kwenye simu huishia hewani. Hizi nataka uzishike mkononi.

Unakumbuka nilivyokupigia mwezi wa pili nikilia. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa kondakta wa treni, na asubuhi sikuwa na swali la kujiuliza: sare ya buluu, kofia, twende zetu. Nilipostaafu nikafungua kabati, nikakuta nguo zimesongamana hata mlango haufungi, nyingine bado zina karatasi ya bei, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu kweli. Basi nikaendelea kuvaa suruali ya sare humu ndani, nimeng'oa tu nembo. Binti yangu Maaike alikuwa akinitania, "Mama, treni imeshaondoka, unasubiri nini?" Nilicheka, lakini yalinichoma.

Ikaja siku yake ya kuzaliwa. Nilivaa nguo, nikavua, nikavaa nyingine, nikavua, mpaka kitanda kikafunikwa. Nikapiga simu kusema nina mafua. Maaike hakudanganyika. Aliniambia, "Mama, mimi sikualika nguo, nilikualika wewe," akakata. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba akijifungua, atakayekaa naye ni mama mkwe wake. Mimi sikuulizwa. Hapo ndipo nilipoogopa, Mama Mdogo. Niliona mtoto wangu ameshazoea kunikosa.

Ukanisikiliza mpaka kilio kikaisha, halafu ukaniambia, "Baukje, achana na kioo. Kioo hakina kazi za kufanya. Vaa kila nguo siku nzima, nenda nayo sokoni, osha nayo vyombo. Ile unayoivuta-vuta, itoe. Ile unayoisahau mwilini, hiyo ndiyo yako." Mimi nilitegemea unihurumie, nawe ukanipa kazi! Asante kwa hilo pia.

Nilianza siku iliyofuata. Wee! Blauzi ya hariri nilishinda nimeishika kola kama mtu anayenyongwa. Ile sketi nyembamba ilinikatalia kupanda baiskeli. Gauni la kitani nililiamini, lakini upepo wa hapa hauna adabu, unaujua; ulinifunua darajani mbele ya mchungaji, naye maskini akaanza kuwasifu bata. Jioni Wiebe alikuwa akiniuliza, "Haya, leo umevaa nguo au umevaliwa?" Nyingi zilitoka. Zilizobaki zilikuwa chache, tena za kushangaza: shati kuukuu la pamba, suruali ya kodrai, na sweta la kijani nililokuwa nalitunza kwa ajili ya shughuli za maana. Siku nilipolivaa nilimenya viazi, nikapalilia, nikaenda kulala, na ndipo nilipogundua kwamba nimelivaa. Ningengoja shughuli mpaka lini?

Siku ya Mfalme tukatandika zulia letu barabarani kama majirani wote, tukamwaga juu yake nguo zangu za kuuza. Humo mlikuwa na koti la njano. Hilo sikulijaribu hata siku moja. Nililinunua zamani, nikalificha nyuma kabisa, kwa sababu nilikuwa nikimsikia marehemu Mama: "Kuwa wa kawaida tu, Baukje, hapo tayari umeshakuwa kichaa vya kutosha." Unamjua dada yako. Kwake buluu ilikuwa rangi, na nyeusi ilikuwa sherehe.

Akaja msichana, akalivaa palepale, akalipa, akaondoka. Mji mzima ulikuwa umevaa rangi ya machungwa kwa heshima ya mfalme, na katikati ya watu wote hao nikaliona koti langu linakwenda kando ya mfereji, linameta, lina furaha zake. Nikamwachia Wiebe zulia, nikatimua mbio.

"We dada! Simama! Hilo koti haliuzwi!"

"Mama, si umeniuzia mwenyewe sasa hivi?"

"Najua, mwanangu. Nilikuwa sijaliona likitembea."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, livae nikuone." Nikalivaa, nakohoa kwa kukosa pumzi. Akanizunguka kama fundi cherehani. "Chukua, mama. Limekukubali. Na mimi lilikuwa linanibana kwapani." Nikamrudishia hela yake, nikamnunulia na kipande cha keki juu, tukaagana kama ndugu.

Niliporudi nikakuta Wiebe ameiuza suruali ya sare kwa kijana mmoja wa maigizo. Nilitaka kumkaripia. Nikafungua mdomo, kikatoka kicheko.

Jumapili yake nilikwenda Zwolle kwa Maaike bila kualikwa, nimevaa koti. Alifungua mlango na tumbo lake mbele, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Mama, ni wewe?" Nikamwambia ni mimi, na kwamba sina mafua, na kwamba sikuwa nayo hata ile siku nyingine. Alilia, nami nikalia, mkwe wangu akatoroka kwenda kuchemsha kahawa. Wakati wa kuondoka akanishika mkono: "Mtoto akija, utakuja kukaa?"

Amekuja, Mama Mdogo! Msichana, mnono, ana mapafu ya kondakta. Jina lake Jildou. Nilipeleka mkate wa sukari kama ilivyo ada yetu kwa mtoto wa kike, na sanduku dogo la nguo zangu zilezile chache. Nimekaa nao wiki nzima, na nakiri sikumbuki nilivaa nini siku gani.

Isipokuwa asubuhi moja. Niliamka nikalitafuta sweta la kijani kwenye kiti nilipoliacha, halipo. Nikashuka jikoni. Nikamkuta Maaike amesimama dirishani amelivaa yeye, mikono imemfunika vidole, mtoto amelala kifuani ndani ya sufu. Hakuniomba. Hata hakufikiri kwamba ni la kuombwa. Akaniambia tu, "Maziwa yamekwisha, Mama," kama nimekuwa pale siku zote. Nilikwenda kununua maziwa nimevaa fulana tu, baridi ikinipiga, namshukuru Mungu njia nzima.

Sweta nimeliacha huko.

Nisalimie Baba Mdogo Hielke, na umwambie asikubebeshe kuni. Nisalimie binamu yangu Tjalling na wanawe, na jirani yako yule wa mayai. Wiebe anakubusu. Mungu akuweke, akupe usingizi mtamu na mwili usiouma, akulipe wema ambao mimi sina cha kuulipia.

Mwanao akupendaye na asiyekusahau,

Baukje