Diwani Aliyefutiwa Tope

Jumatano, Njombe

Huyu mhariri atanitoa roho. Nilimchora diwani amezama kwenye tope la barabara ya kata yake, mkononi ameshika mkasi wa kukatia utepe wa uzinduzi. Leo gazeti limetoka, tope halipo! Wamelifuta. Diwani amesimama kwenye lami safi anatabasamu, na jina langu lipo pale chini.

Nikampigia mhariri. "Dada Tumaini, tumelainisha kidogo tu," akasema.

Kidogo!

Kazi hii nilijifunza kwenye kitabu cha katuni za magazeti ya India, alichonipa Bwana Salim, muuza vipuri wa Makambako. Wachoraji wale waliwachora mawaziri wao na pua ndefu kama miko, na kesho yake wakachora tena. Sisi tunamwogopa diwani mmoja.

Halafu jioni diwani mwenyewe akapiga simu. "Asante sana, binti yangu. Mke wangu anataka picha ile tuitundike sebuleni."

Nilitaka kuitikia tu yaishe. Mume wangu anafundisha kwenye kata yake, na uhamisho wa kwenda mbali hauchukui muda. Lakini mdomo ulinitangulia.

"Mheshimiwa, picha halisi ninayo hapa. Umezama kwenye tope."

"Mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka shingoni."

Akakata simu.

Mume wangu bado sijamwambia. Naogopa, sikatai. Ila leo mtu mmoja angalau ameielewa katuni yangu.