Hati Niliyoilalia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hati ya kiwanja haijapotea. Ninailalia. Ipo chini ya godoro upande wa ukutani, ndani ya bahasha ya kaki. Leo mwanangu Scholastica amepekua nyumba nzima, mimi nimejinyoosha juu ya godoro hilo, nakohoa.

Ameinua hata mto. "Tata, hebu kumbuka vizuri." Nikasingizia uzee. Mimi! Mkuu wa shule mstaafu, mzee wa kanisa.

Anataka mkopo wa nyumba. Yeye ni muuguzi, mshahara wake unapita benki. Lakini kiwanja hiki cha Nyamisangura kina jina langu, na ndicho dhamana. Msingi wa nyumba yake uko hapo nje mwaka wa tatu sasa, unaota majani. Nimemwuliza benki itachukua muda gani. Mwezi, amesema, au miwili. Daktari naye alinipa miezi mitatu, akaangalia pembeni. Nikichelewesha kidogo tu nitakuwa nimeondoka. Ndiyo hesabu yangu. Naiandika ili niione ilivyo mbaya.

Tatizo ni fomu. Mwenye kiwanja anaapa mbele ya wakili: mke nani, watoto wangapi. Siwezi kuapa hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja Zuleha, binti wa benki anayeshughulikia faili, pamoja na mthamini. Mthamini amepima kila kitu, hata choo.

Nimemwuliza Zuleha kwa nini inachukua muda. Akacheka. "Mzee wangu, mkopo wa nyumba siyo kutumiana pesa kwa simu!" Kuna barua ya mwajiri. Kuna madeni mengine ya mkopaji. Kuna ripoti ya mthamini. Halafu upekuzi wa hati kule Musoma, waone kama kuna mtu ameweka zuio. Kukiwa safi, wiki sita. Na Scholastica ana miaka hamsini na mbili, lazima amalize kulipa kabla ya kustaafu. Kila tunavyochelewa, kiasi kinapungua.

Nikauliza kama mzaha: na mwenye hati akifa katikati?

"Tata, acha," Scholastica akasema.

Zuleha hakucheka safari hii. Akasema faili linasimama mpaka mirathi iishe mahakamani. Tangazo linatolewa, kila mwenye haki anajitokeza. Inaweza kuwa miaka.

Kila mwenye haki! Chai imenimwagikia mapajani. Nilidhani kaburi litanisitiri. Kumbe nikifa ndipo watakapoitwa wote, kwa tangazo!

Jumatano, 12 Machi

Scholastica alikuwa anavaa viatu aende polisi kuripoti kupotea kwa hati. Nimeitoa. Nimesema nimeikuta kwenye Biblia kubwa. Amenikumbatia. "Umeniokoa, Tata!"

Mchana wakili amekuja hapa nyumbani. Nimeapa. Mke: Nyangi, marehemu. Watoto: wawili, Scholastica na Nelson. Nimesaini bila kusita — hilo ndilo limenishtua.

Ni watatu.

Wa tatu ni Benedicto, niliyezaa na Rhobi, mwanamke wa Ikoma. Nilifundisha huko mwaka 1975, Nyangi akiwa huku na mtoto mdogo. Basi. Nimeandika.

Ijumaa, 28 Machi

Benki kimya. Scholastica anaangalia simu kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mvua. Majani kwenye msingi yamefika magotini. Nimekunywa uji, vijiko vitatu tu.

Jumanne, 8 Aprili

Zuleha amepiga. Scholastica akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Upekuzi umerudi. Kuna zuio, la mwaka 2004.

Nikajua ni Rhobi. Nikafumba macho.

"Aliyeweka ni Nyangi," Zuleha akasema. "Si ndiye marehemu mama?"

Nyangi! Mke wangu! Wa darasa la nne, aliyeniomba nimsomee hata risiti za maji! Zuleha akaendelea kusoma: kiwanja kisiuzwe wala kuwekwa rehani bila kumshirikisha mtoto wa mume wangu, Benedicto Simioni, wa Ikoma.

Simioni. Alimpa jina langu. Mimi sikumpa.

Scholastica akakata simu. "Tata. Benedicto ni nani?"

Nikajifanya nakohoa. Kikohozi cha kweli kikaja. Damu kidogo.

Miaka yote ile Nyangi alinipikia akijua. Kila Agosti alikwenda Issenye, jirani na Ikoma, kununua ulezi. Nani atoke huku Tarime kufuata ulezi Issenye? Sikuwahi kumwuliza. Nilifurahi tu akirudi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia Scholastica. Nilitegemea kelele. Akauliza kitu kimoja tu: "Mama alijua, na bado alikuwa anakukatia kucha?"

Nelson amepiga kutoka Mwanza. Yeye ndiye wa kelele. Mzee, umetuaibisha! Uliapa mbele ya wakili! Kweli tupu.

Zuleha amesema kiapo kirudiwe. Na kwa kuwa aliyeweka zuio amefariki, benki haiendelei bila maandishi ya huyo Benedicto. Akikataa, mkopo hakuna. Namba yake imepatikana — kwenye daftari la Nyangi, kwa mwandiko wake mkubwa wa kitoto.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja. Bodaboda imemshusha getini, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, buti za askari wa wanyamapori. Masikio yangu kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu! Nikaitikia marahaba.

Scholastica akaleta soda, fomu na kalamu. Benedicto akaisoma fomu yote, taratibu. "Nitasaini, dada. Mama Nyangi alinilea nusu. Alikuwa anakutana na mama yangu Issenye kila Agosti, analeta karo. Lakini kwanza nina swali kwa Mwalimu."

Akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mpaka inataka kuchanika. Niliitambua kabla hajaikunjua. Mwaka 1992, kidato cha pili, shule niliyokuwa mkuu. Barua ya kumrudisha nyumbani kwa kukosa karo. Wiki iliyofuata mhasibu aliniambia mama mmoja amekuja kumlipia. Sikuuliza mama gani.

"Siku unasaini hii," akasema, "ulikuwa unajua mimi ni nani?"

Hakupandisha sauti. Scholastica ameshika kifuniko cha kalamu, ananitazama.

Nimesema naenda chooni. Nipo chumbani, naandika hapa kwanza, nijaribu jibu. Wananisubiri. Sijasikia soda ikifunguliwa.

Nilijua. Nilimwita ofisini, nikamwambia ageuke dirishani nimwone masikio vizuri, kisha nikasaini.