Ufagio wa Mtakatifu Martin

Samuye, 9 Oktoba 1978

Mwanangu Coletha,

Mwangaluka. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kama kawaida, na ng'ombe wamekonda wakingoja mvua. Natumaini wagonjwa wa huko Kolandoto hawajakumaliza nguvu.

Nimechoka, mwanangu. Unajua kwamba tangu kigango chetu kipewe jina la Mtakatifu Martin wa Porres, mimi katekista ndiye ninayebeba ufagio wake kwenye maandamano ya sikukuu, tarehe tatu Novemba. Miaka kumi na tano sasa. Ule ufagio wenye utepe mweupe naufungia kabatini mwaka mzima usiguswe na vumbi. Jumapili Padre Ansgar, ambaye hata ndevu hazijamkaa sawa, ametangaza mbele ya watu wote kwamba mwaka huu atakayeubeba ni Mageni. Mageni, yule bibi anayefagia kanisa na kusiliba sakafu kwa udongo na samadi! Hata litania hajui, anaitikia tu pale wenzake wanapoitikia.

 Lakini ufunguo wa kanisa ninao mimi, na hakuna atakayefagia humo mpaka Padre atakapofikiri upya.

Mama yako anakusalimu. Yeye anasema nimezidi.

Baba yako,
Leodgar


Kolandoto, 14 Oktoba 1978

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila wodi imejaa na wauguzi wasaidizi tumebaki wawili. Mpe mama pole ya goti, aache kubeba ndoo.

Barua yako imenikasirisha, na ukiniona sina adabu utanisamehe. Ni nani aliyetufundisha habari za Martin? Ulituketisha chini tukiwa wadogo ukatuambia alipokelewa utawani kama mtumishi tu, akafagia, akawanyoa wenzake, akamwaga vyombo vya wagonjwa. Ukatuambia alimlaza maskini mwenye vidonda kwenye kitanda chake mwenyewe, na ndugu mmoja alipomgombeza kwa ajili ya shuka, akasema shuka zinafulika. Ulipofika hapo ulikuwa unalia, baba. Kwa ajili ya hadithi hiyo mimi leo namwaga mabeseni ya watu nisiowajua.

Na wewe unagombea ufagio ambao haujawahi kufagia. Mpe mama wa watu ufunguo.

Mwanao,
Coletha


Samuye, 20 Oktoba 1978

Coletha,

Marahaba. Hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikukusomesha ili uje kunifundisha dini.

Mageni alikuja kuomba ufunguo asubuhi tatu mfululizo. Nilimwambia aende kwa Padre. Hakwenda, alikaa tu kwenye kizingiti changu na ndoo yake, kwenye ule upepo wa alfajiri, kisha akaondoka. Siku ya nne hakuja. Wanasema ni kifua. Kesho jirani anamleta kwenu kwa mkokoteni wa ng'ombe, maana hana mume wala mtoto.

Usinitupie lawama. Kifua chake ni cha zamani, kila mtu anajua.

Baba yako


Kolandoto, 25 Oktoba 1978

Baba,

Shikamoo. Habari za mama?

Mageni yuko kitanda cha nne. Nimonia imeshika mapafu yote mawili. Dawa tunampa, lakini haulizi habari za dawa. Anauliza kama kanisa limesilibwa, kwa kuwa sakafu inataka siku zake za kukauka kabla ya sikukuu. Nimemwambia ndiyo. Jana akaniuliza ni nani aliyesiliba, nikakosa jina la kusema. Nimechoka kumdanganya mgonjwa kwa sababu ya ukaidi wako.

Mwanao


Samuye, 30 Oktoba 1978

Mwanangu Coletha,

Mwangaluka. Goti la mama yako lina nafuu.

Nimefungua kanisa; Jumapili zote hizi tumesali nje. Popo wamefanya walichotaka, na sakafu inatoka vumbi mpaka altareni. Nikawaomba wanawake waje kusiliba. Wakanijibu kwamba aliyefunga ndiye asilibe, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa mama yako.

Basi nikasiliba mwenyewe, nimefunga mlango. Walichungulia dirishani. Nikawasikia wanasema, "Mwanamume mzima, ngosha, anasiliba," na wakacheka mpaka nikatamani kutupa ndoo. Asubuhi sakafu yote ilikuwa imepasuka kama visigino vyangu.

Muulize Mageni samadi inawekwa kiasi gani, na maji kiasi gani. Mwambie ni mimi ninayeuliza.

Baba yako


Kolandoto, 31 Oktoba 1978

Baba,

Shikamoo. Nimemsomea barua yako kitandani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akasema umekoroga uji. Haya ndiyo majibu yake, nimeandika kama alivyosema.

Udongo uwe wa kichuguu. Mavi ya ng'ombe yawe mabichi, ya jana hayafai, nusu kwa nusu na udongo. Jivu kidogo. Maji usimimine, nyunyiza kwa mkono. Lowesha kwanza sakafu ya zamani. Anzia altareni urudi nyuma kuelekea mlangoni, usije ukakanyaga ulichosiliba. Kisha akanishika mkono akasema, "Mwambie avue viatu. Miaka yote anapita juu ya kazi yangu na viatu, wala haijakauka."

Nilikuwa nataka kufunga bahasha, baba. Sasa ni jioni. Mageni amefariki saa kumi. Gari la hospitali litamleta Ijumaa asubuhi, siku yenyewe ya sikukuu. Barua hii nampa utingo wa basi la alfajiri. Jua likiwaka, siku mbili zinatosha.

Tafadhali siliba vizuri.

Coletha wako


Samuye, 12 Novemba 1978

Mwanangu Coletha,

Mwangaluka. Sote hatujambo. Samahani kwa kuchelewa, mikono ilinipasuka, kalamu ilikuwa haishikiki.

Sakafu haikupasuka, ila pembeni mwa mlango, pale nilipoishiwa na jivu. Tulimlaza Mageni katikati. Padre akaniuliza ufagio abebe nani. Nikamwambia mwenyewe amekwisha kuja, nikauweka juu ya jeneza. Halafu nikasimama mbele ya watu, niko peku, nikawaambia kwamba asubuhi tatu nilimwacha mama huyu kwenye baridi kwa sababu ya utepe.  Nimeona aibu, mwanangu, na bado ninayo.

Utepe nimeufungua tukamzika nao. Ufagio unafagia vizuri.

Mama yako amekuwa akinicheka wiki nzima. Nikiinama na ndoo anauliza kama Mageni amerudi.

Mvua imeanza. Na hawa watu, Coletha, wanaingia kanisani na matope hivyohivyo, hakuna hata mmoja anayefuta miguu. Jana nilikuwa nimesiliba mbele, bado mbichi, na Mzee Cornel akapita juu yake na viatu mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Alama zote za soli zimebaki pale. Nilimtazama mpaka nyimbo zikaisha. Hakuniona kabisa.

Baba yako,
Leodgar