Uso wa Bibi Milembe Kwenye Shuka

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Nimefuta lenzi ya projekta tena. Vumbi la Shinyanga halina adabu, linapenya hata chini ya kifuniko. Jenereta imegoma, ikakubali, ikagoma. Masanja, mwenzangu wa chuo, kaipiga teke, ikawaka. Bahati nzuri Mwalimu wetu wa sinema hakuwepo.

Leo tumeonyesha kionjo mara ya kwanza, kwenye ukuta mweupe wa duka la Baba Nilesh karibu na stendi. Kionjo ni neno la Mwalimu. Maana yake ni kipande kifupi cha sinema ya kutisha ambayo bado hatujaipiga. Chuo kitatupa mikanda ya kupigia sinema nzima ikiwa watu watatishika kweli. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzunguka, kuonyesha, kuuliza watu wameonaje, kurudi na majibu. Masanja alishika kamera. Mimi niliandika hadithi na kuunga vipande. Na kwa kuwa ni mwanamke, ninapika pia. Hilo halikuandikwa popote lakini linajulikana.

Mjini wamecheka. Watoto wamemwiga Bibi Milembe, mwigizaji wetu, anavyoinuka. Kijana mmoja kaniambia mlango wetu wa kwenye kionjo unayumba. Ni kweli, tuliuegemeza kwenye mti. Baba Nilesh kasema ni nzuri ila fupi, akauliza kama umeme umekatika. Nimechoka. Sitaki kulisikia neno fupi.

Jumanne, 7 Agosti

Mwalimu kasema watu wa mjini wameshazoea sinema, tusiwahesabu. Twende Segese, kisha kwa wachimbaji Bulyanhulu, tumalizie Kishapu. Petroli ametupa kwa kuguna.

Hadithi nimeieleza mara nyingi mpaka nimeichukia. Kijiji. Usiku kuna mtu anabisha milango, asubuhi ng'ombe hawapo. Watu wanasema ni fisi wa mchawi. Mwisho inajulikana ni mwizi aliyejifunika ngozi ya fisi, na anayemnasa ni bibi mkongwe ambaye kila usiku alikuwa anawafungulia watoto wa jirani na kuwaficha kwake. Kwenye kionjo huo mwisho haupo. Kuna mlango, kuna ngumi inabisha, halafu uso wa bibi unainuka kwenye mwanga wa koroboi. Macho mekundu. Giza. Sauti kutoka kwenye kaseti inauliza: nani anabisha? Basi. Mwalimu alisema mtazamaji aachwe na swali. Nikakata mengine yote tuliyopiga kwa majaribio, nikayaweka kwenye kopo.

Bibi Milembe ni bibi yake Masanja, mama wa baba yake. Anaishi peke yake kijijini, upande wa Kishapu. Alikubali kuigiza kwa sababu mjukuu kamwomba. Malipo yake yalikuwa sukari, na siku hizi sukari si kitu kidogo.

Alhamisi, 9 Agosti

Segese. Nimekula vumbi kuliko ugali. Shuka tumelifunga kati ya nguzo mbili za soko.

Hawakucheka. Uso wa Bibi ulipoinuka, akina mama wa mbele walirudi nyuma kwa pamoja na benchi lao. Nilifurahi, nakiri. Mwaka mzima wa kuunga vipande kwa plasta, hatimaye watu wanaogopa! Lakini giza lilipoingia hakuna aliyeondoka. Walidhani tumeificha sehemu iliyobaki ili tuwatoze pesa. Mzee mmoja kaniuliza kwa upole kama sisi ni matapeli. Nikamwambia sinema yenyewe bado haijapigwa. Kanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kwa kuonyeshwa mkia.

Nilipouliza nini kimewatisha, wote wamesema yule bibi. Wengi wameuliza ni wa wapi. Nimejibu kwa kujivuna: Kishapu.

Jumamosi, 11 Agosti

Bulyanhulu. Wachimbaji wametoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, weupe kwa vumbi, wamekaa chini bila kunawa. Watu wazuri kwa kuonyesha, maana hawaondoki. Tumerudia kionjo kila walipodai.

Baada ya swali la kaseti, niliwauliza mimi mwenyewe: nani anabisha? Wakajibu kwa sauti moja, huyo bibi! Nikawaambia labda siye. Wakanicheka. Mmoja, mwenye fulana ya kijani, hakucheka. Alikuja karibu na shuka, akaomba turudie, akasimama karibu kabisa na uso. Halafu akamgeukia Masanja.

"Huyu namfahamu. Ni jirani yetu kule nyumbani."

Masanja kamwambia ni bibi yake, anaigiza tu. Kamwambia mlango ni wa mbao za chuo, ngumi ni ya mwanafunzi mwenzetu. Yule mtu kasikiliza yote. Kisha akasema mtu anaweza kuigiza mwendo, anaweza kuigiza sauti, lakini macho yale hayaigizwi. Kwamba nyumbani wamepoteza ndama tangu masika na sasa ameelewa. Akasema kesho anakwenda kwao.

Masanja amefunga jenereta. Kwenye gari ndipo kanieleza. Kijiji cha pili kutoka kwa Bibi, mwanamke mzee alikatwa mapanga mlangoni kwake. Alikuwa na macho mekundu, na ng'ombe wa mtu walikuwa wamekufa, basi akaitwa mchawi. Hakuna zaidi ya hayo.

Mimi ni mtu wa Ushirombo. Hata kwetu haya yanasemwa. Nilijua, na nikayaacha yale macho yakae pale peke yake kwa sababu yalipendeza.

Jumapili, 12 Agosti

Misa sikuisikia. Nilisimama, nikapiga magoti, nikasimama.

Mwalimu amefurahishwa na majibu. Wametishika, kasema, wametishika kweli! Nikamwambia kuhusu yule mchimbaji. Akasema hiyo ndiyo nguvu ya sinema. Nilitamani kumrushia kitu. Nimesema ndiyo, Mwalimu, kisha nikaenda kufua.

Jumanne, 14 Agosti

Kwa Bibi Milembe. Tumefika jua bado lipo. Nimepiga goti kidogo, nikamwamkia mwadila kwa Kisukuma changu kibovu, akacheka kama kawaida. Katuandalia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Sukari ile ile tuliyomlipa, ametuwekea sisi.

Nikaona kitu. Jioni kule kila nyumba inaomba moto kwa jirani. Mtoto anatumwa na kigae, anachukua kaa moja, anakimbia nalo. Safari iliyopita, tulipokuja kupiga kionjo, nilionekana nasumbua, maana watoto walikuwa wanapishana na mimi mlangoni. Leo hakuna hata mmoja. Jiko la Bibi linawaka vizuri, na mtoto wa Mama Jilala, nyumba ya pili, kapita mbele yetu na kigae chake mpaka nyumba ya mbali kule bondeni.

Bibi kaona naangalia. Kasema hawaji tangu jana. Kasema labda wamenunua viberiti. Viberiti vyenyewe nchi nzima havipatikani.

Yule wa fulana ya kijani amefika kabla yetu. Tumemwona dukani, kakaa na vijana wenzake. Hawakutuamkia.

Masanja hakutaka kuonyesha chochote. Amelala mlangoni kwa Bibi na panga la kufyekea. Mimi nililala ndani, au tuseme nililala macho.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimerudi mjini peke yangu kwa lori la pamba. Masanja kabaki na Bibi, gari na projekta vimebaki naye. Nina wazo moja tu na sijui kama ni la mtu mwenye akili timamu. Lile kopo la vipande nilivyokata.

Mwalimu kakataa. Vipande ni mali ya chuo, petroli imekwisha, na kionjo kimeshafanya kazi yake. Nikamwambia kazi yake iliyobaki ni kumuua bibi wa watu. Sijawahi kuongea hivyo na mtu ninayemwamkia shikamoo. Nikalia, nikachukia kwamba nimelia. Halafu kafungua kabati mwenyewe, akanipa kopo, akakaa nami mezani kushika ncha za mkanda nikiunga. Hakuniomba radhi.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimechoka sana lakini niandike.

Nimerudi kwa Bibi na kopo langu, na mwenyekiti wa kijiji aliwaita watu wote. Walikuja wamekunja nyuso. Bibi tulimketisha mbele, Masanja kulia, mimi kushoto kwenye projekta. Kionjo sikukionyesha. Nilionyesha takataka zangu zote. Bibi anapakwa majivu kwenye nywele na anapiga chafya. Bibi anasahau, anaangalia kamera, anauliza kama chai iko tayari. Mlango unaanguka, unaonekana hauna nyumba nyuma yake. Fisi wetu anajikwaa, ngozi inamtoka, ni mwanafunzi mwenye kaptula. Mwisho Bibi anafungua mlango, anawaingiza watoto mmoja mmoja, na watoto wenyewe ni wa kijiji kile kile.

Wakacheka! Mama mmoja alimwona mwanawe kwenye shuka akapiga kigelegele. Wanaume wanapigana mabega. Mwenyekiti alisimama akasema jamani mmeona, ni mchezo. Hata yule wa fulana ya kijani alikuwa anatabasamu akiangalia chini. Nikaanza kupumua.

Ndipo Mama Jilala akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mapishi.

"Nywele mlipaka majivu, tumeona. Na macho mlimpaka nini?"

Kelele zikakatika. Wote wakanitazama. Ningeweza kusema pilipili, dawa, rangi ya wazungu. Lakini Bibi alikuwa amekaa pale pale, taa ya projekta inampiga usoni, na macho yake yalikuwa yale yale.

Nikasema hatukumpaka kitu. Ni moshi. Anapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe tangu alipoolewa.

Bibi kanisaidia. Kamwambia Mama Jilala aje akae jikoni kwake msimu mmoja, ndipo waangaliane macho. Wazee wa kike wakacheka, wakaitikia, kuna waliojifuta macho yao wenyewe. Vijana hawakucheka tena. Waliondoka kidogo kidogo, wakiongea chini.

Jumapili, 19 Agosti

Asubuhi nilikaa mlangoni nikitazama njia. Mtoto wa Mama Jilala alitoka na kigae. Alisimama njia panda, akamtazama Bibi, Bibi akamwita kwa mkono. Nadhani mtoto alitaka kuja. Mama yake akamwita kwa jina. Akaenda bondeni.

Bibi alirudi ndani, akaanza kufunga vyungu vyake kwenye kanga. Hakuna aliyemwambia. Masanja alitoka nje na hakurudi mpaka macho yake yalipokauka. Mwenyekiti kaahidi kutunza nyumba na ng'ombe mpaka mambo yapoe. Ni mtu mwema na anajua hayatapoa.

Nimesema aje kwa mama yangu Ushirombo. Mama ana chumba, na anapenda kuongea, hata na mtu asiyemwelewa vizuri. Bibi hajawahi kulala zaidi ya usiku mmoja mbali na kaburi la mume wake. Alikwenda kumuaga. Tulimsubiri kwenye gari.

Ijumaa, 24 Agosti

Barua ya chuo imetoka. Sinema nzima imekubaliwa. Sababu iliyoandikwa: watazamaji wametishika. Wenzangu wamenipigia makofi darasani. Masanja amerudisha kamera stoo na kusema apewe mtu mwingine. Sina hata hasira, nimeishiwa.

Jumatatu, 27 Agosti

Basi la Kahama na Ushirombo lilikuwa la mchana, kwa hiyo Bibi, tuliyemhifadhi mjini wiki nzima, alikaa chuoni tangu asubuhi. Mama atampokea jioni. Nimempikia uji.

Akaniambia kila mtu ameiona ile sinema yake ila yeye. Nikajaribu kumkwepa. Akasema ng'wanawane, yaani mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nikaziba dirisha la stoo kwa mablanketi, nikawasha projekta, nikamwekea kiti.

Aliangalia bila kutikisika. Ngumi, mlango, uso, giza. Akaomba tena. Baada ya mara ya pili nilimuuliza ameonaje. Nimeshamuuliza kila mtu, mdomo umezoea.

"Anatisha," kasema. "Hata mimi ningefunga mlango."

Nikamwambia, Bibi, ni wewe. Akasema anajua.

Niliondoa mablanketi, mwanga ukaingia. Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga, na sikuuliza kama ni moshi au ni kitu kingine. Kisha tukabeba vyungu mpaka stendi, tukasubiri basi.