Nilimwambia ni Kichocho

Kaka yangu Godana,

Asalaam aleikum. Mvua imefika huko Garsen? Ng'ombe je, na kifua cha Mama? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha. Nakuandikia barua kwa kuwa tukiongea kwa simu Baba huwa ubavuni kwako, na haya sitaki ayasikie.

Uliniuliza kwa nini nisimtumie dawa, nami kazi yangu huku Ujerumani ni kuchunguza saratani ya figo hiyohiyo inayomtesa Baba. Ngoja nikueleze. Kabla hatujahama, hutangulia mtu kutazama malisho na maji, ndipo ng'ombe wafuate. Uvimbe wa figo nao ndivyo ufanyavyo: hutoa protini inayoingia kwenye damu na kwenda kuuandalia mahali mapafuni. Hapa maabara tunaizuia protini hiyo, na seli za saratani zinatulia. Nimeziona kwa macho yangu. Lakini zimo kwenye kisahani, Kaka. Kutoka hapo hadi mwilini mwa mtu ni miaka, na pengine tusifike. Nilimwendea mkubwa wangu, nikalia mbele yake bila haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna dawa ya kumpa mtu.

Sasa lile linalonitafuna. Mwaka jana Baba alipokojoa damu, alinipigia mimi kwanza, mtoto aliyesoma. Nikacheka. Nikamwambia hicho ni kichocho tu, nani kwetu hajakojoa damu, ameze vidonge. Akameza, damu ikakatika, ikarudi, nikamwambia ameze tena. Mimi, ninayeshinda na ugonjwa wa figo kutwa nzima! Huenda wakati ule, kabla uvimbe haujafika mapafuni, figo ingetolewa yakaisha. Sitajua kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na bado anawaambia wazee kwamba binti yake ndiye anayemtengenezea dawa. Ijumaa aliniambia, "Usiharakishe, mwanangu, ifanye vizuri. Nakungoja." Nikaitikia, "Haya, Baba."

Nisalimie Mama, na shangazi yetu wa Bangale, na wifi yangu anayemchemshia Baba maziwa kila asubuhi; Mungu amlipe. Nimepewa ruhusa kazini, nakuja mwezi ujao, mikono mitupu. Mwambie wewe, Kaka, mimi ulimi umekuwa mzito. Mwambie asingoje dawa. Aningoje mimi.

Dadako,
Habiba